Zana za Kuazima: Wazazi wa Watoto Wasiotulia katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Mwezi Machi 1902, daktari Mwingereza George Frederic Still alisimama mbele ya madaktari wenzake katika Royal College of Physicians mjini London na kutoa mihadhara kuhusu watoto 43 aliokuwa amewachunguza. Baadhi yao walikuwa na akili timamu kabisa, ila hawakuweza kukaza fikira kwenye jambo moja wala kujizuia kufanya lililowajia kichwani. Wanahistoria wa tiba wanaihesabu mihadhara hiyo miongoni mwa maelezo ya mapema ya hali ambayo leo inaitwa ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi.

Wiki chache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, serikali hiyo hiyo ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi karibu na Naivasha, ukawa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuitwa Kenya. Hapo ndipo ulipoanza mpaka unaopita leo kati ya Busia na Busia, na kati ya Malaba na Malaba. Amri ya mwaka 1926 iliuthibitisha.

Matukio haya mawili hayakuhusiana hata kidogo. Hata hivyo, leo yanakutana katika nyumba ya mzazi wa mpakani mwenye mtoto asiyetulia. Jina la hali ya mtoto wake lilitungwa mbali kwa lugha asiyoitumia nyumbani, na msaada anaoweza kuupata unategemea yuko upande gani wa mstari uliochorwa na watu wengine.

Insha hii inauliza: wazazi hawa wamepata zana gani za kidijitali za kuwasaidia, tangu lini, na nani alizitengeneza? Hoja yangu ni kwamba historia ya zana hizo katika Busia na Tororo ni historia ya kuazima. Kamera ilikuja na utafiti wa virusi vya ukimwi, programu za kompyuta zikaja na utafiti wa malaria, na simu ikaja kwa ajili ya fedha na biashara. Hakuna iliyoletwa kwa ajili ya mtoto asiyetulia, lakini wazazi wamezichukua na kuzipa kazi nyingine. Nimetumia tafiti zilizochapishwa, sheria na sera za nchi zote mbili, pamoja na mazungumzo niliyofanya na wazazi wanne, wawili kila upande. Majina yao siyataji.

Mtoto asiyetulia alionekana lini?

Watoto wasiotulia hawakuanza kuzaliwa juzi. Lakini ili mtoto aonekane kuwa na tatizo la kukaa kimya, lazima kwanza awepo mahali anapotakiwa kukaa kimya. Kwa vizazi vingi, mtoto wa Kisamia, wa Kiteso au wa Kijopadhola mwenye nguvu nyingi alipewa mbuzi wa kuchunga, maji ya kuteka, au njia ya kwenda sokoni na kurudi. Kazi hizo hazikumtaka akae saa nne mbele ya ubao.

Hali ilibadilika pale elimu ya msingi bila malipo ilipoanza. Uganda ilianza mpango wake mwaka 1997 na Kenya ikafuata Januari 2003. Mamilioni ya watoto waliingia shule kwa mara ya kwanza, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hana nafasi ya kumfuatilia mmoja anayesimama kila baada ya dakika mbili. Kwa hiyo, mlango ule ule uliomfungulia mtoto huyu haki ya kusoma ndio uliomfanya aonekane mtukutu.

Jibu la shule lilikuwa kiboko. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaimarisha marufuku hiyo. Uganda iliiweka katika sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Wazazi wote wanne niliozungumza nao walisema watoto wao wamepigwa shuleni baada ya sheria hizo kupitishwa. Sheria iliondoa fimbo kwenye karatasi, lakini haikumpa mwalimu kitu kingine cha kushika mkononi. Pengo hilo ndilo linaloipa insha hii uzito wake: swali la zana ni swali la nini kitachukua nafasi ya fimbo.

Huduma za kitaalamu zilikuwepo, ila kila nchi ilijenga zake. Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikafungua Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, jijini Nairobi. Uganda ilikuwa na taasisi yake ya elimu maalumu, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Taasisi hizi zilianza na ulemavu unaoonekana au unaopimika kirahisi, kama vile wa kuona, wa kusikia na wa viungo. Mtoto anayekimbia, anayeona vizuri na anayesikia vizuri hakuonekana kuwa na ulemavu wowote. Alionekana kukosa adabu.

Malaria na umakini

Mtu anaweza kuuliza kama ADHD si tatizo la nchi tajiri lililopewa jina na kuuzwa kwetu pamoja na dawa zake. Swali hilo ni la haki. Dawa ya Ritalin iliingia sokoni mwaka 1954, na tangu hapo hali hii imebadilishwa jina mara kadhaa katika vitabu vya madaktari wa Marekani: mwaka 1968, mwaka 1980, na tena mwaka 1987 ilipopata jina la sasa. Hata Shirika la Afya Duniani lilikataa mara mbili, mwaka 2019 na 2021, kuiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida na madhara yake haujatosha.

Lakini Tororo ina sababu zake yenyewe za kulichukulia jambo hili kwa uzito, na kubwa kati ya hizo ni malaria. Watafiti waliopima mwanzoni mwa karne hii walikadiria kwamba mtu mmoja wa Tororo alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyopata kuandikwa. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza wilayani humo mwishoni mwa 2014, na malaria ikashuka sana. Kwa hiyo watoto waliozaliwa Tororo kabla ya hapo walikulia katikati ya ugonjwa huo.

Malaria kali ikipanda kichwani huacha alama. Madaktari wa Uganda, akiwemo Richard Idro, waliandika mwaka 2010 kuhusu watoto waliopona malaria ya ubongo kisha wakabaki na kutotulia, kutenda bila kufikiri, na kushindwa kukaza fikira. Wazazi wao hawakuwa wakizungumzia ADHD ya vitabuni. Walisema kitu ambacho mama mmoja wa upande wa Uganda aliniambia kwa maneno yake: mwanawe alirudi kutoka hospitalini akiwa mzima, lakini hakurudi yule yule.

Ni kutokana na tatizo hili ndipo zana ya kwanza ya kidijitali ninayoijua ilitumika nchini Uganda kwa ajili ya umakini wa watoto. Mwanasaikolojia Paul Bangirana wa Makerere na Michael Boivin wa Michigan State University waliwapa watoto waliopona malaria ya ubongo mazoezi ya kompyuta kwa kutumia programu ya Kimarekani iitwayo Captain's Log. Mtoto alicheza michezo ya kukumbuka, kulinganisha na kusubiri zamu. Watoto walionyesha maendeleo katika baadhi ya vipimo. Baadaye programu hiyo ilijaribiwa pia kwa watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kazi hiyo ilimwelekea mtoto, naye mzazi alikuwa msindikizaji wa kumleta na kumrudisha.

Kamera katika Busia na Tororo

Zana iliyofuata ilimgeukia mzazi, na ilitumika hapa hapa. Katika muongo uliopita, Boivin, Noeline Nakasujja wa Makerere na wenzao waliendesha utafiti katika wilaya za Busia na Tororo, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja hadi Busia ilipojitenga mwaka 1997. Waligawanya eneo katika makundi 18. Katika baadhi ya makundi, walezi walifundishwa kwa mwaka mzima, kila baada ya wiki mbili, mara nyumbani na mara kliniki, kwa mtindo uitwao MISC uliobuniwa na Pnina Klein wa Israeli. Makundi mengine yalipata mafunzo ya afya na lishe. Watoto walikuwa wadogo, wenye virusi vya ukimwi au waliozaliwa na mama wenye virusi hivyo.

Ni lazima niseme wazi kwamba utafiti huu haukuwa wa ADHD. Hata hivyo, ukiangalia kilichofundishwa, utaona ni kile kile ambacho mzazi wa mtoto asiyetulia anakihitaji. MISC humfundisha mlezi mambo matano: kuelekeza umakini wa mtoto, kumpa maana ya anachokiona, kukipanua, kumtia moyo anapofanikiwa, na kumsaidia kupanga hatua kabla ya kutenda. La kwanza na la mwisho ndiyo mambo mawili hasa yanayomshinda mtoto mwenye ADHD.

Mafunzo ya aina hii hutumia video. Mlezi hurekodiwa akimlisha mtoto, akimwogesha, au akipepeta nafaka huku mtoto akiwa kando, kisha anaonyeshwa picha zake mwenyewe. Mkufunzi haanzi na makosa. Anasimamisha video pale mama alipofanya vizuri, labda pale aliposubiri mtoto amtazame kwanza ndipo akampa kikombe. Hapa kuna jambo la kihistoria ambalo ni rahisi kulipita. Kwa muda mrefu, kamera mikononi mwa wageni Afrika Mashariki ilimwonyesha Mwafrika kwa watu wengine. Katika chumba hiki, picha ya mama inaonyeshwa kwa mama mwenyewe, nayo inamwambia kwamba ujuzi anao.

Umakini wa watoto nao ulipimwa kwa mashine. Mtoto aliwekwa mbele ya kompyuta yenye katuni ya wanyama, na kamera ikarekodi ni kwa muda gani macho yake yalibaki kwenye skrini. Matokeo ya utafiti yalionyesha kwamba malezi ya nyumbani yaliboreka kwa walezi waliopata MISC. Kwa vipimo vya watoto, faida haikuonekana katika kila kipimo. Matokeo haya ya wastani yananipa imani zaidi kuliko yangekuwa ya ajabu. Yanatuambia kwamba video haimponyi mtoto. Inambadilisha mtu mzima anayeishi naye, na mabadiliko ya mtoto huja polepole nyuma yake, yakija.

Lakini utafiti una mwanzo na mwisho. Fedha zikiisha, kamera huondoka na gari lililoileta. Kinachobaki kijijini ni simu.

Simu yenye laini mbili

Watu wa mpakani waliizoea simu kwa sababu ya fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na MTN ikaleta huduma yake ya fedha Uganda mwaka 2009. Mfanyabiashara wa Busia alijifunza mapema kutembea na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, kwa kuwa mtandao wa nchi moja huvuka barabara na kufika nchi ya pili. Mwaka 2014 baadhi ya nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza gharama za kupiga simu kuvuka mpaka. Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Zana nyingi za simu zilitengenezwa kwa ajili ya watu hawa, lakini kama wafanyabiashara. Huduma iitwayo Sauti, kwa mfano, huwapa wafanyabiashara wadogo wa mpakani bei za masoko, viwango vya kubadilisha fedha na taratibu za forodha kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti. Wengi wa wafanyabiashara hao ni wanawake, na wengi ni mama. Mama huyo anaweza kubonyeza tarakimu chache akajua bei ya mahindi ng'ambo. Akitaka kujua la kufanya na mtoto aliyefukuzwa darasani mara tatu wiki hii, hakuna tarakimu za kubonyeza. Wote wawili, mfanyabiashara na mzazi, ni mtu mmoja na simu moja. Tofauti ni kwamba biashara yake ilionekana kuwa jambo la maendeleo, na malezi yake yakaonekana kuwa jambo lake la nyumbani.

Nambari moja ipo, na inafanya kazi pande zote mbili: 116, ya kuwasaidia watoto. Kenya na Uganda kila moja ina kituo chake kinachojibu nambari hiyo. Lakini nambari hiyo imejengwa hasa kwa ajili ya mtoto anayedhulumiwa. Mzazi anayeogopa kwamba ataanza kumpiga mwanawe hujiuliza kama akipiga 116 atakuwa anaomba msaada au anajishtaki. Wazazi wawili kati ya wanne waliijua nambari hiyo. Hakuna aliyewahi kuipiga.

Basi wanafanya nini na simu? Majibu yao yalikuwa ya vitendo kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja wa upande wa Kenya, anayeuza omena, hutumia kengele ya simu. Kazi ya shule hufanywa kwa dakika kumi, kengele inalia, mtoto anakimbia mpaka kwenye mwembe na kurudi, kisha dakika kumi nyingine. Hakufundishwa na mtu, ila aligundua kwamba mwanawe anaikubali sauti ya simu kuliko sauti yake. Baba mmoja wa upande wa Uganda alianza kumrekodi binti yake kwa video nyumbani, kwa sababu kila akimpeleka kliniki mtoto hukaa ametulia, na mhudumu humwambia kwamba mtoto hana neno. Hali hiyo inafahamika. Mahali papya na mtu mgeni humtuliza mtoto wa aina hii kwa muda mfupi. Kwa video ya dakika tatu, baba huyu alipata barua ya rufaa aliyoikosa kwa mwaka mzima.

Nikilinganisha kamera ya utafiti na kamera ya baba huyu, naona hatua kubwa. Katika ile ya kwanza, mtaalamu alimrekodi mzazi. Katika hii, mzazi anamrekodi mtoto ili mtaalamu aamini. Chombo ni kile kile, ila mshikaji amebadilika.

Kamera hiyo hiyo ina upande mwingine. Mzazi wa nne alinieleza jinsi video ya mwanawe akiruka juu ya dawati ilivyozungushwa katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Shule yenyewe siitaji. Watu walicheka, na mtoto akakataa kurudi shuleni kwa wiki mbili. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Mama huyo hakujua kwamba zipo, na hata angejua, alihisi aibu kuliko hasira.

Mwaka wa Akili mbili

Mwaka 2020 uliyaweka wazi mambo yote haya kwa wakati mmoja. Machi mwaka huo, shule zilifungwa pande zote mbili kwa sababu ya korona, na mpaka ukafungwa kwa watu wa kawaida. Mtoto wa Busia ya Uganda aliyekuwa akivuka kila asubuhi kwenda shule ya Kenya alibaki ng'ambo.

Kisha kalenda zikaachana. Kenya ilirudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020 na watoto wote Januari 2021. Uganda ilirudisha madarasa machache, ikayafunga tena Juni 2021, na haikufungua shule zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo. Katika mji mmoja uliokatwa na barabara, watoto wa upande mmoja walikuwa darasani wakati wenzao wa upande wa pili walikuwa nyumbani mwaka mzima zaidi. Kwa mtoto anayehitaji utaratibu usiobadilika ili aweze kutulia, na kwa mzazi wake, hiyo haikuwa likizo.

Katika kipindi hicho vitu viwili vyenye jina moja vilizaliwa. Tarehe 31 Machi 2020, kituo cha televisheni cha watoto kiitwacho Akili Kids! kilianza kurusha matangazo ya bure nchini Kenya. Juni 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mchezo wa video uitwao EndeavorRx uandikwe na daktari kama tiba kwa watoto wenye ADHD wa umri wa miaka 8 hadi 12. Kampuni iliyoutengeneza iliitwa Akili Interactive.

Neno letu, akili, lilikuwa kwenye nembo ya mchezo ambao mtoto wa Tororo hangeweza kuupata, kwani ulihitaji daktari wa kuuandika, kifaa cha kisasa na fedha. Akili ya pili, ya televisheni, ilikuwa ya bure kwa yeyote mwenye televisheni na umeme, ila haikuahidi kutibu chochote. Muuza omena niliyemtaja aliifungulia kwa jirani saa zile zile kila siku, na kwa muda huo mwanawe alikaa. Sidai kwamba hiyo ni tiba. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa saa zile zile ndio uliomsaidia, na utaratibu hauuzwi na kampuni yoyote.

Upande wa Uganda kulikuwa na kizuizi kingine. Tangu Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Kati ya hapo, Januari 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Kwa mzazi anayetegemea ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu, siasa za mtandao ziliingia hadi kwenye kazi ya shule ya mtoto.

Swali la lugha

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka mtandaoni mafunzo ya bure kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji. Ni hatua njema. Lakini mafunzo ya mtandaoni yanataka bando, na yanataka lugha ambayo mzazi anaielewa akiwa amechoka usiku.

Inawezekana kufanya vingine. Jijini Mwanza, Tanzania, programu ya simu ya malezi iitwayo ParentApp ilijaribiwa kwa Kiswahili na familia zenye vijana, nayo iliundwa ifanye kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa. Haikuwa ya ADHD, lakini inaonyesha kwamba kikwazo si teknolojia.

Mpakani, Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya boda boda na ya forodha. Kinamwunganisha Mteso na Msamia, na Mkenya na Mganda. Uganda ilikitaja katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo zana moja ya Kiswahili ingeweza kutumika pande zote mbili, kitu ambacho taasisi za nchi moja moja haziwezi.

Tatizo ni kwamba hata jina hatujakubaliana. Wazazi niliozungumza nao walisema mtundu, mtukutu, mkorofi, au hatulii. Matatu ya kwanza ni hukumu. La mwisho tu ndilo linaloeleza hali bila kulaumu, na ndiyo sababu nimelitumia katika kichwa cha insha hii.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba zana za kidijitali zilifika Busia na Tororo kwa milango ya mambo mengine: malaria, virusi vya ukimwi, fedha, biashara na korona. Wazazi waliziazima na kuzipa kazi mpya, wakati mwingine kwa ubunifu kuliko wale waliozitengeneza. Lakini chombo cha kuazima hakikaliki nacho kwa raha. Utafiti ukiisha kinarudi kwa mwenyewe, kodi ikipanda hakishikiki, na kikiangukia mikono mibaya kinamwaibisha yule yule kiliyepaswa kumsaidia.

Mambo matatu yanafuata kutokana na historia hii. Kwanza, kinachofaa kujengwa ni huduma ya simu ya kawaida, isiyohitaji intaneti, kwa Kiswahili, inayojibu kutoka pande zote mbili kama 116 inavyojibu. Pili, huduma hiyo imlenge mzazi na mwalimu kabla ya mtoto, kwani utafiti wa Busia na Tororo ulionyesha mabadiliko ya wazi zaidi kwa mlezi. Tatu, ianze na kile wazazi wanachokifanya tayari, yaani kengele ya dakika kumi, mbio za hadi kwenye mwembe, na video ya kumwonyesha mhudumu.

Mwaka 1902 mambo yote mawili, la kuielezea hali hii na la mpaka, yalifanywa bila kumwuliza mzazi yeyote wa eneo hili. Safari hii hakuna sababu ya kutomwuliza, kwani nambari yake ya simu inajulikana. Kwa kweli ana mbili.